Dodoso la Wakamua Mashuka

Dada yangu hakai. Naanza na hilo kwa sababu hospitali anakofanya kazi kuna ripoti inayosema kwamba anakaa, tena anakaa kuliko makarani wa mapokezi, na kila nikiikumbuka ripoti hiyo damu inanichemka. Nyumbani ukimwekea kiti anakitundikia nguo. Chai anainywa amesimama mlangoni, jicho moja liko kwenye kamba ya kuanikia, anaangalia kama mvua inakuja. Anayekaa humu ndani ni mimi. Mimi ni fundi cherehani, natafuta riziki yangu kwa makalio na nyayo, na mdomo wangu, wanaonijua watakwambia, haukuwahi kufundwa.

Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya kidole. Dada akaacha shule, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kuomba kazi hospitali. Wakampeleka chumba cha kufulia, nyuma kabisa ya majengo, ukipita jiko na ukipita jenereta. Ukifungua mlango mvuke unakupiga usoni kwanza, ndipo unaona watu. Mashine ya kufua ipo, na inafanya kazi siku inayojisikia. Mashine ya kukamua ilikufa zamani, na fundi wake bado yuko njiani. Kwa hiyo mashuka ya hospitali nzima, na mablanketi, na yale mapazia mazito ya wodini, yanakamuliwa kwa mikono ya wanawake.

Wanakamua wawiliwawili. Mmoja anashika ncha hii ya shuka, mwenzake ncha ile, wanatazamana, kisha mmoja anasokota kulia na mwingine kushoto mpaka shuka linakuwa gumu kama gongo na maji yanamwagika sakafuni. Wanajiegemeza nyuma wote wawili, na kinachowazuia wasianguke ni lile shuka tu. Ndiyo maana wana sheria yao, na hata msimamizi wao haivunji: hakuna kuachia kimyakimya. Kabla mkono haujalegea unasema, "Naachia!" Mwenzako anajishika, anatia mguu nyuma, ndipo unaachia. Asiyesema, mwenzake anakwenda chini kwa mgongo juu ya saruji yenye povu. Mfanyakazi mpya anafundishwa neno hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Dada ana mikono ya ajabu. Walimwita Winchi, na jina likamkaa. Upande wa pili wa shuka lake, tangu mwanzo kabisa, alikuwa Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Kidoti alipokuwa mjamzito, kila mimba, Dada alimwambia ashike tu ncha asisokote, akawa anasokota yeye kwa nguvu za watu wawili. Watoto wa Kidoti wanamwita Dada mama mkubwa. Mimi mwenyewe nilikua nikimwita Dada Kidoti, na sare yangu ya kwanza ya shule alinishonea yeye kwa mkono, mshono mbaya usioelezeka, nikaivaa kwa maringo. Siku za karibuni Kidoti alikuwa amepewa funguo za stoo ya mashuka, kwa hiyo nusu ya siku alikuwa amekaa mlangoni akihesabu, nusu yuko na Dada kwenye shuka.

Mwaka juzi moyo wa Dada ulianza vituko. Alikuwa anapanda ngazi mbili anasimama, anajifanya kufunga kiatu. Nikamburuta kwa daktari wa mbali, upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuna anayemjua. Daktari akamsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akasema moyo umepanuka na umechoka. Akampa vidonge. Akasema, "Mama, vidonge hivi ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kuacha kunyanyua vitu vizito. Tafuta kazi ya kukaa. Ukiendelea hivi, siku moja moyo utasimama na hautakupigia hodi."

Tafuta kazi ya kukaa! Kama vile kazi zimepangwa dirishani mtu achague. Na kusema hospitalini kwamba anaumwa, thubutu. Kulikuwa na mwenzao mmoja, Bibi Sabuni, aliyepeleka barua ya daktari kuhusu mgongo wake. Wakampa pole, wakamshukuru kwa ukweli wake, na mkataba wake ulipoisha hawakumpa mwingine. Tangu hapo wanawake wa kufulia hawaumwi. Wakiumwa wanasema homa. Dada akaficha vidonge vyake kwenye kopo langu la vifungo, na waliojua habari za moyo huo tulikuwa mimi, yule daktari, na Kidoti. Bila shaka Kidoti. Angemficha Kidoti kitu gani?

Sasa sikiliza. Ghorofa ya kwanza ya hospitali ile kuna chumba cha kushonea. Kina dirisha kubwa, kina cherehani moja na kiti kimoja chenye mto, na kazi yake ni kutia viraka mashuka yaliyochanika. Mama aliyekuwa anakaa pale alistaafu. Dada aliniambia habari hiyo amesimama mlangoni na kikombe chake, akajaribu kuisema kama habari tu ya mjini, lakini mimi namjua. Jioni ile alichukua vitambaa vyangu vya mabaki akaanza kujizoesha kiraka. Mishono yake ilinyooka kuliko yangu, nikamwambia asinizoee.

Wakati huohuo wakaja watafiti. Walitaka kupima jinsi wafanyakazi wa hospitali wanavyoutumia mwili: nani ananyanyua, nani anatembea, nani anakaa. Hawakuja na mizani wala mashine, walikuja na dodoso. Unaulizwa maswali kuhusu siku saba zilizopita, majibu yanageuzwa kuwa alama. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, wakambatiza Bwana Alama. Na ili watu wajibu bila woga, kila idara ilitoa mtu wake wa kuuliza wenzake. Wapishi wakamtoa mpishi, walinzi wakamtoa mlinzi. Kufulia wakamtoa Kidoti. Walimtoa kwa makofi, na aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi ni Dada.

Kidoti akaenda mafunzo ukumbini, akarudi na faili, kofia na lugha mpya. Wengine aliwauliza kulekule kazini, mmojammoja, stoo. Lakini kwa Dada akasema, "Wewe nitakuja kwako Jumapili, tufanye kwa raha."

Akaja. Walikaa barazani, yaani Kidoti alikaa na Dada akaegemea nguzo, na mimi nilikuwa palepale kwenye cherehani yangu napinda suruali ya watu. Nilisikia kila neno, kwa hiyo asije mtu akaniambia sikuelewa. Kidoti akatoa kadi zenye picha. Moja ina mtu anachimba mtaro, jasho linamtoka: hiyo kazi nzito. Nyingine ina mwanamke anafagia: kazi ya wastani. Nyingine mtu anatembea, na ya mwisho mtu amekaa mezani, mkono shavuni.

"Kazi nzito," Kidoti akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "ni ile inayokufanya uheme kiasi kwamba huwezi kuimba. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifanya kazi nzito?"

"Kwani wewe humo hukuwepo?" Dada akacheka. "Zote za kazi. Juzi si mapazia yale yalitaka kututoa roho?"

Kidoti hakuandika. Akaweka kalamu juu ya faili.

"Mwenzangu, njoo karibu nikwambie. Hawa watu hawakuja kutupa pole. Wanatafuta waliochoka. Ukisema kazi nzito, watauliza unahema? Ukisema unahema, watauliza unahema kwa nini. Hapo moyo wako uko mezani kwa mganga mkuu. Umemsahau Bibi Sabuni?"

Mkono wa Dada ukaenda kifuani, ukarudi.

"Sasa niseme nini?"

"Sema unakunja. Unakaa, unakunja mashuka makavu. Basi."

Mimi nikaangua kicheko. "Anakaa wapi, Dada Kidoti? Huyu huyu?"

"Mdogo wetu, wewe kanyaga cherehani," akanijibu bila kunitazama. "Hapa tunamwokoa dada yako."

"Lakini ni uongo," Dada akasema. Yeye uongo humwasha kama upupu. Hata homa ile ya kusingizia, kila akiitaja kwa msimamizi anarudi nyumbani amenuna.

"Uongo gani? Hujawahi kukunja shuka maishani mwako? Wenzako wote nimewaambia hivyohivyo. Mimi nimekaa na hao watu ukumbini, mimi najua wanavyohesabu. Nikuache uangamie nikiona?"

Basi Dada akaichukua ile kadi ya mtu aliyekaa, akaitazama, akamrudishia. "Andika hiyo," akasema. Kidoti akaandika, kwa mwandiko mzuri, akinyoosha mstari. Kazi nzito, hakuna. Wastani, kidogo. Kukaa, sehemu kubwa ya siku. Halafu akafunga faili, akanywa chai yetu, akala mkate wetu, akamkumbatia Dada wakati wa kuondoka na kumwambia jikaze kisabuni, mambo yatakuwa sawa.

Haukupita muda mrefu ikatangazwa kwamba kiti cha chumba cha kushonea amepewa Kidoti.

Unadhani Dada alisononeka? Alisononeka usiku mmoja, kimya, mgongo umeelekea ukutani. Asubuhi akasema ni bahati ya mwenzake, na kwamba Kidoti naye ana miguu inavimba. Akaniomba kastabini yangu, ile nzuri ya shaba ya kuvaa kidoleni ili sindano isikuchome, aliyoniachia fundi aliyenifundisha kazi. Nikakataa. Akaniangalia tu. Nikampa. Akampelekea Kidoti kama zawadi ya kazi mpya, na Kidoti, Dada alinisimulia mwenyewe akiwa anafurahi, alilia machozi. Machozi hayo nimeyafikiria sana baadaye.

Dada akapewa mwenza mpya, binti mwembamba asiye na mbavu za kazi ile, kwa hiyo Winchi akarudi kusokota kwa nguvu za watu wawili. Siku moja katikati ya blanketi pumzi zikamwisha. Aliweza kusema "Naachia" yake, akakaa chini kwenye maji, akasema ni homa. Walimpa ruhusa ya wiki nzima. Nilimlaza kwa nguvu. Wiki ile ndiyo pekee maishani niliyomwona dada yangu amelala mchana, na nilikuwa nasimamisha cherehani kila mara ili nisikie kama anapumua.

Aliporudi kazini, asubuhi ileile, Bwana Alama akaingia chumba cha kufulia na kalamu yake sikioni. Mambo yaliyotokea humo alinieleza Dada, na binti yule mwembamba akaja kuniongezea.

Bwana Alama alisimama kwenye mvuke, akawatazama wanavyojiegemeza nyuma na kusokota. Akatazama muda mrefu. Halafu akasema, "Samahani, akina mama. Kuna jambo halinikai sawa. Nimepima idara zote, na nyinyi ndio mmekuwa wa mwisho. Kwa majibu yenu, mnakaa kuliko makarani wa mapokezi."

Wanawake wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajifuta macho kwa kona ya shuka.

"Isipokuwa mwenzenu mmoja," Bwana Alama akaendelea. "Yule aliyehamia kushona. Yeye aliulizwa na mpishi, kwa kuwa mtu hawezi kujiuliza mwenyewe, na alama zake zilikuwa juu kuliko za hospitali nzima. Kazi nzito asubuhi, kazi nzito mchana. Ndiyo sababu kiti amepewa yeye."

"Sababu ipi?" Dada akauliza. Alikuwa bado ameshika ncha yake ya shuka.

"Si mliambiwa? Kiti kile ni cha mwenye alama za juu, yule ambaye mwili wake unabeba mzigo mkubwa kuliko wote, apumzike. Alama za kazi nzito zinahesabiwa zaidi ya zote. Wala hatuulizi ugonjwa, tunauliza kazi tu. Tuliwaambia waulizaji ukumbini wawaeleze kabla ya swali la kwanza."

Kicheko kikakatika.

Yaani mlango ulikuwepo kabisa, mwenzangu! Dada alitakiwa kusema ukweli tu. Asiseme moyo, asiseme vidonge, aseme tu kazi yake anayoifanya kila siku iendayo kwa Mungu, kiti kingekuwa chake. Na aliyekuwa na ufunguo wa mlango huo alikaa barazani kwangu, akautia mfukoni, akaomba aongezewe chai.

Bwana Alama hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema. Aliona nyuso zao akaelewa. Akasema ripoti inafungwa leo jioni. Kama kuna mtu alijibu vibaya, anaweza kumuuliza upya sasa hivi, na alama zikibadilika kiti kitarudi mezani. "Nani yuko tayari kurudia?" akauliza.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Wanawake wakamtazama msimamizi, kisha wakatazama mabeseni yao. Kurudia ni kukiri kwamba ulidanganya, na wote walikuwa na watoto wa kulisha. Watu waliokula na Dada, walioazima kwa Dada, waliobebwa na mikono ya Dada, wote ghafla wakawa na kazi kubwa ndani ya povu. Akabaki yeye amesimama peke yake.

"Mimi," akasema.

Bwana Alama akatoa karatasi mpya. "Vizuri, mama. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifanya kazi nzito?"

Siku saba zilizopita! Jamani, siku saba zilizopita alikuwa kitandani kwangu.

Dada akaangalia mlangoni. Msimamizi yuko palepale, na ruhusa ya homa ilipita mikononi mwake.

"Hakuna hata moja," Dada akasema. "Nilikuwa nimelala."

"Kazi ya wastani?"

"Nilikuwa nimelala."

"Kutembea?"

"Mpaka chooni."

Kalamu ya Bwana Alama ikasimama. "Na wiki ya kabla ya hapo, mama?"

"Nilikamua. Kila siku."

Akaitazama karatasi kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka jibu hilo, akaigeuza nyuma, akairudisha. Hapakuwa na mahali. Akasema dodoso linauliza siku saba zilizopita, na yeye hana ruhusa ya kubadilisha swali. Akaomba radhi. Akahesabu palepale, kwa heshima, amempa mgongo msimamizi. Ukweli ukatoka na alama za chini kuliko uongo.

Niliporudi kutoka kununua uzi jioni ile nilimkuta Dada amekaa. Amekaa kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu, mikono juu ya mapaja, na chai imepoa. Hapo nikajua kuna msiba. Nikauliza nani amekufa.

Akanisimulia yote, pole pole, bila kumtukana mtu. Nilitukana mimi. Nilitukana mpaka jirani akafunga dirisha. Nikamwambia ameingizwa mkenge na mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, kwamba yule si rafiki ni kupe, kwamba kesho nakwenda kumng'oa kile kidoti kwa mkasi.

"Nyamaza," akasema. Halafu akaongeza: "Miaka yote ile kwenye shuka, hajawahi kuniachia bila kusema. Hata siku aliyoshikwa na uchungu wa mtoto, alisema kwanza. Angesema tu naachia. Angeniambia, 'Mwenzangu, kiti ni kimoja na mimi nakitaka.' Ningejishika."

Akalia. Mimi sijawahi kumwona akilia tangu siku ya Mama, na nilisimama pale na mafurushi yangu ya uzi kama mjinga.

Kesho yake nilikwenda. Nilipanda ghorofa ya kwanza bila kumsalimia mtu. Chumba kile ni kizuri, siwezi kukataa, jua linaingia mpaka kwenye meza. Kidoti alikuwa kwenye kiti chenye mto, shuka mapajani, kastabini yangu kidoleni.

"Mdogo wetu!" akasema. "Karibu, mbona hukusema unakuja?"

"Sitakaribia. Nimekuja kukutazama ulivyokaa, Kidoti."

Aliusikia ule udada ulivyodondoka. Akaacha kushona.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulipokuwa unakunywa chai yangu ulijua."

Nilitegemea akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa kwake njia nzima. Akatazama dirishani.

"Kiti kilikuwa kimoja," akasema.

"Na moyo wake je? Hospitali hii nzima, wewe ndiye mtu pekee uliyejua habari za moyo wake!"

"Najua. Kila mtu anamwonea huruma Winchi. Moyo wa Winchi, mikono ya Winchi. Na mimi miguu yangu nani aliwahi kuiuliza? Ningesema ukweli, yeye angenishinda. Angenishinda kwa mbali, wewe mwenyewe unajua. Nifanye nini?"

Ebo! Huyu mtu alikuwa anataka nimwonee huruma. Alitumia ule moyo kumtisha mwenye moyo, kisha anauonea wivu. Nikanyoosha mkono tu.

"Kastabini."

Akavuta. Haikutoka, kidole kilikuwa kimevimba. Akavuta tena, akaitia mate, akapindisha, mpaka ikatoka na kumwachia alama nyekundu. Akaniwekea mkononi, bado ina joto lake. Nikageuka nikashuka ngazi.

Nilidhani Dada atafurahi. Nikamwonyesha. Akaniuliza, "Kitu nilichompa mtu wewe unakwenda kumvua?" Akanikasirikia mimi! Akataka nikairudishe. Nilimwambia labda nikiwa maiti, na mpaka leo imo kwenye kopo la vifungo, pamoja na vidonge.

Amerudi kukamua. Nimemwambia aache kazi, tutakula ninachoshona. Anasema mteja wangu akichelewa kulipa tutakula vifungo? Nimemwambia aombe mwenza mwingine, mwenye nguvu. Ananijibu ana mwenza. Nikafurahi, nikadhani amempata mtu.

Juzi alisahau vidonge vyake, nikampelekea, nimevikunja ndani ya kitambaa kama kipande cha sabuni. Nikapita jiko, nikapita jenereta, nikasukuma mlango, mvuke ukanipiga usoni. Ulipopungua nikawaona wenzake wawiliwawili kwenye mashuka yao, yule binti mwembamba naye kapewa mwenza mwingine, hakuna anayeinua macho. Yeye alikuwa pembeni, peke yake, kwenye ukuta wa nyuma. Ukutani kuna ndoano ya chuma ya zamani, iliyokuwa ya kutundikia mabomba. Alikuwa ameipachika ncha moja ya shuka, na ncha nyingine anaisokota yeye, amejiegemeza nyuma, mshipa umemsimama shingoni, anahema kiasi kwamba asingeweza kuimba. Nguvu yote ya shuka ilikuwa mikononi mwake.

Nikamwita. Hakunisikia kwa kelele za mashine. Nikasogea, nikasimama nyuma yake, nikasubiri amalize.

Maji yakaisha kudondoka. Akatia mguu mmoja nyuma. Akaitazama ile ndoano, na kabla mkono haujalegea akaiambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mwenzake:

"Naachia."